Punguzeni "kwa madhumuni ya kuweza" kwenye barua na ilani

Mhariri,

Kwenye saiba (vibanda vya kompyuta na intaneti) nyingi za Kondele na za katikati ya mji wa Kisumu, barua ya Kiingereza haihesabiwi kuwa rasmi mpaka iwe na "in order to". Ya Kiswahili nayo haijaiva mpaka iwe na "kwa madhumuni ya kuweza". Hili la pili limezaliwa na lile la kwanza, na yote mawili hupachikwa pasipo na kazi, huku pale yanapohitajika hasa yakikosekana. Nawaandikia makatibu wa vikundi, makarani, walimu wa insha na vijana wa saiba wanaoandikia watu barua, kwa sababu nyaraka nyingi tunazosoma zinatoka mikononi mwao.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, kwa kuwa ugonjwa umetokea huko. "In order to" hufuatwa na kitenzi na hujibu swali moja: jambo hili linafanywa ili iwe nini? Mara nyingi "to" peke yake inalijibu swali hilo vizuri. "I am writing in order to apply" haina heshima yoyote iliyozidi ile ya "I am writing to apply". Sheria za Kenya zenyewe huanza "An Act of Parliament to", yakafuata mambo ambayo sheria imetungiwa, na mwishoni "and for connected purposes". Hakuna "in order to" hapo, na sijasikia wakili akilalamika kwamba sheria hiyo imekosa urasmi. Marekani walipitisha sheria ya kuandika kwa lugha nyepesi mwaka 2010. Katika orodha ya maneno ambayo watumishi wa serikali ya huko wanashauriwa kuyabadilisha, "in order to" imo, na wanaambiwa waandike "to" basi.

Hata hivyo Katiba ya Marekani hiyohiyo, iliyoandikwa 1787, inafungua hivi: "We the People of the United States, in Order to form a more perfect Union". Ukiitazama sentensi hiyo kwa makini utaona kwa nini maneno yale yanastahili kuwepo. Baada ya kutajwa wananchi, yanafuata malengo sita kwa mkupuo, kuanzia muungano ulio bora hadi baraka za uhuru, ndipo kitenzi kikuu kinapofika: "do ordain and establish". Msomaji asingetahadharishwa mapema kwamba anayopewa ni malengo, angepotea njiani akisubiri kitenzi. Lengo likitangulia na likiwa refu, "in order to" ina kazi.

Ina kazi pia kwenye ukanushaji. "He left early not to be late" ni Kiingereza kibovu. Lazima iwe "in order not to be late" au "so as not to be late". Na inasaidia "to" zikifuatana. Chukua sentensi hii: "The officer gave an order to close the market to stop the cholera." "To" ya kwanza inaeleza amri yenyewe ni ipi, ya pili inaeleza sababu yake, na zote mbili zina sura moja. Ukiweka "in order to stop the cholera", msomaji anajua papo hapo amri imeishia wapi na sababu imeanzia wapi. Nje ya mahali kama hapo, ifute na usikose usingizi.

Kuna mtego mmoja wa kando. Kwenye Bunge na mabunge ya kaunti husikika "Is it in order for the Member to mislead the House?" Hapo hakuna lengo lolote, anayesimama anauliza kama mwenzake anafuata kanuni. Programu za kutafsiri, na wafasiri wenye haraka, huona "in order for" na kuandika "ili", na hoja ya nidhamu ikageuka kitu kisichoeleweka. Andika "Je, kanuni zinamruhusu Mbunge huyu kulipotosha Bunge?" na mambo yamekwisha.

Kasoro kubwa ya "in order to" ni kwamba haimtaji mtendaji. Kwa kanuni ya Kiingereza, anayekusudia ni yule aliye kichwani mwa sentensi kuu. Sentensi kuu ikiandikwa kwa kauli ya kutendwa, kama ofisi zetu zinavyopenda, mtendaji anatoweka pande zote mbili. "In order to be served, documents must be presented at the counter": kwa sarufi, zinazotaka kuhudumiwa ni stakabadhi. Mwingereza atacheka kidogo na kuelewa. Lakini tukiihamisha ikiwa na kilema chake, "Ili kuhudumiwa, stakabadhi sharti ziwasilishwe kaunta", tunakuwa tumetupa kifaa ambacho Kiswahili kinacho na Kiingereza hakina.

Kifaa hicho ni "ili" pamoja na kitenzi chenye kiambishi cha nafsi, kinachoishia kwa e: ili uhudumiwe, ili apokee, ili tusikie, ili wakalipe. Silabi moja inamtaja mhusika. "Ili uhudumiwe, leta kitambulisho chako na nakala yake moja kwenye kaunta namba 3." Mama aliyetoka Ahero na tuktuk haulizi tena nani alete nini. Tena jambo hili si geni kwa watu wa huku. Mjaluo akisema "Adhi chiro mondo anyiew rech", ile a iliyo mwanzoni mwa "anyiew" inasema anayenunua samaki ni yeye mwenyewe. Mwanafunzi anayeijua "mondo" ameshafika nusu ya njia ya kuijua "ili".

Wapo walimu wanaoikataa kabisa "ili kupunguza", "ili kujenga" na mfano wake. Mimi siendi mbali hivyo. Magazeti huandika hivyo kila siku, na mtendaji akiwa mmoja hakuna anayepotoka. Balaa huanza watendaji wakiwa wawili. Tuseme kumbukumbu za chama zinasomeka hivi: "Iliafikiwa kwamba mweka hazina aende benki ili kutoa shilingi 40,000 kwa madhumuni ya kununua mabati." Nani atanunua mabati? Mweka hazina? Katibu? Kamati nzima? Miezi miwili baadaye mabati hayajaonekana na kila mmoja anamtazama mwenzake. Katibu angeandika: "Mkutano ulimwagiza mweka hazina atoe benki shilingi 40,000 na amkabidhi katibu, naye katibu anunue mabati 30 ya geji 30 kabla ya tarehe 14." Angalieni kwamba hata "ili" haimo. Kitenzi cha kuagiza hufuatwa moja kwa moja na ile e, na kila e ina mtu wake.

Makosa ya "ili" yenyewe yanajirudia kiasi kwamba mtu anaweza kuyakariri. La kwanza ni kuipa wakati: "nilisoma ili nilipita", "anaweka akiba ili atajenga". Baada ya "ili" hakuna li, na wala ta. Hata jambo likiwa la mwaka juzi, ni "nilisoma ili nipite". La pili ni kulazimisha e kwenye vitenzi vyenye asili ya Kiarabu. Hivyo havibadiliki mwisho: ili asamehe, ili tufikiri, ili wajibu, ili nifaulu. La tatu ni ukanushaji: "ili si kuchelewa" haipo. Ni "ili asichelewe", au "ili kutochelewa" pale mtendaji anapojulikana wazi.

La nne ndilo linalojaza karatasi, nalo ni "weza". Kiingereza kinasema "in order that he may be paid", na mfasiri, akiiona "may", anaandika "ili aweze kulipwa". Ile e tayari imeibeba hiyo "may". "Ili alipwe" inatosha. "Weza" ibaki pale uwezo wenyewe unapozungumziwa: mgonjwa anafanyishwa mazoezi ili aweze kutembea tena. Hapo ukiiondoa maana inapungua. Kwenye ilani ya kukusanya vitambulisho haina lake. Na "ili kuweza kuwezesha" ningependa ipigwe marufuku, ila najua nitazikwa ikiwa bado inaandikwa.

"Ili kwamba" nayo ni "so that" iliyogeuzwa neno kwa neno. Viunganishi viwili kwa kazi moja, toa "kwamba". "Ndio" ni ya kwetu, haikutoka Uingereza: "Njooni mapema ndio tuanze mkutano." Kwenye kundi la WhatsApp la chama haina ubaya, kila Mkenya anaielewa. Kwenye barua ya kwenda kwa chifu, andika "ili tuanze". Kisha kuna "ila". Kidole kikiteleza kwenye simu, "Lipa kabla ya tarehe 5 ili usitozwe faini" inakuwa "ila usitozwe faini", na wewe uliyetaka kuonya unaonekana umetoa msamaha. Kikagua tahajia cha simu hakitakusaidia hapo, maana maneno yote mawili ni sahihi.

Turudi kwenye "kwa madhumuni ya", "kwa lengo la", "kwa nia ya", "kwa minajili ya", "kwa ajili ya". Waandishi wengi huyageuza kama bidhaa moja yenye rangi tano, aya hii hili, aya ile lile, ati wasirudie neno. Hayalingani. "Kwa ajili ya" inapendana na nomino, au na mtu: chakula kwa ajili ya wageni. "Kwa nia ya" inabeba dhamira ya moyoni, na mahakamani ina uzito wake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, inapoeleza kosa la kuvunja nyumba, inadai mshtakiwa awe amevunja na kuingia "with intent to commit a felony therein". Hiyo ni nia, na upande wa mashtaka sharti uithibitishe. Ukitafsiri hati ya mashtaka ukaandika "ili", umeichezea sehemu ya kosa. "Mintarafu" haipo kabisa katika ukoo huu. Maana yake ni "kuhusu", ndiyo sababu tunaandika MINT: kwenye kichwa cha barua rasmi. "Kwa mintarafu ya kuboresha elimu" inatamkika vizuri jukwaani lakini haisemi kitu.

"Kwa madhumuni ya" ina kiti chake pale lengo lenyewe ndilo linalotakiwa kutajwa na kushikiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni mfano mzuri. Inataka habari za mtu zikusanywe kwa madhumuni yaliyo wazi, yaliyobainishwa na halali, na zisitumiwe baadaye kwa namna isiyopatana na madhumuni hayo. Kwa hiyo fomu ya kikundi, au daftari la wageni langoni, likisema "Tunachukua namba yako ya simu ili kukuhudumia vyema", halijabainisha chochote. Kumhudumia vyema kunaweza kuwa ni kumwita mkutanoni, kumuuzia bima au kumpa mwanasiasa orodha. Andikeni: "Namba yako ya simu itatumiwa kukujulisha tarehe za mikutano tu." Hapo lengo limefungwa, na ukiletewa matangazo ya mikopo unajua pa kushika.

Kitu ambacho tafsiri hizi zinakisahau kabisa ni kauli ya kutendea. Kiswahili hutia lengo ndani ya kitenzi chenyewe: chumba cha kulia, kisu cha kukatia nyama, gari la kubebea taka, fedha za kununulia dawa. Anayeandika bajeti ya kikundi cha wakulima wa Nyando hana haja ya "fedha kwa madhumuni ya ununuzi wa mbegu". Aandike "Sh18,000 za kununulia mbegu, Sh6,500 za kulipia trekta", na mstari wa bajeti unaingia kwenye safu moja bila kukunjwa. Angalizo dogo tu: kauli hiyohiyo humtaja pia anayefanyiwa. "Fedha za kununulia wazee dawa" ina wanufaika ndani yake, nao ni wazee. "Fedha za kununulia dawa" haina. Mkaguzi wa hesabu atauliza, kwa hiyo amua mapema unataka ipi.

Vitenzi vya mwendo navyo haviombi "ili". "Alikwenda Maseno ili kuchukua cheti" si kosa, lakini "alikwenda Maseno kuchukua cheti" ndiyo lugha ya watu. Kwenye amri, tumia e, na ukitaka mtu aende mahali pengine kwanza ongeza ka: "Fika ofisini uchukue fomu", "Nenda benki ukalipe, kisha ulete stakabadhi".

Sasa tuiweke ilani moja mezani, ya kubuni, ingawa wengi mtaona mmeshaisoma mahali. "Kwa madhumuni ya kuwezesha kazi za ukarabati wa miundombinu, huduma ya usambazaji wa maji itakatizwa siku ya Jumanne ili kuweza kuepuka upotevu. Wateja wanaombwa kuhifadhi maji kwa minajili ya kuepuka usumbufu." Malengo matatu, wala hakuna saa. Nani anakarabati nini? Maji yatarudi lini? Mkazi wa Nyalenda atahifadhi ndoo ngapi? Ukiyatoa mapambo, mwandishi atalazimika kutafuta habari ambazo hakuwa nazo: "Maji yatakatwa Jumanne saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mafundi wabadilishe bomba lililopasuka. Teka maji ya kutosha siku nzima kabla ya saa 2." Lengo la mafundi limo ndani ya e ya "wabadilishe". Lengo la kuteka maji halikutajwa kwa sababu kila mtu analijua. Anayeambiwa bomba linafungwa haelezwi kwamba ateke maji ili asikose maji.

Ilani kama hiyo ikitumwa kwa simu kuna hesabu pia. Ujumbe mmoja mfupi ni herufi 160 pamoja na nafasi, na ukizidi unakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa. "Kwa madhumuni ya kuweza" ni herufi 23. "Ili" ni 3. Ukiitumia mara mbili katika ujumbe mmoja, umeshatupa robo yake. Kikundi kinachowatumia wanachama 300 ujumbe kila wiki kitaiona tofauti kwenye salio.

Barua ya kuomba kazi haihitaji maneno mengi hapa. Kichwa cha MINT: kimeshataja lengo, kwa hiyo "Ninaandika barua hii ili kuomba kazi" inarudia kilichosomwa sekunde mbili zilizopita. Anza: "Naomba kazi ya ukarani iliyotangazwa tarehe fulani." Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, wanaoandika insha ya kwanza ya karatasi ya Kiswahili ya 102/1, ile ya lazima, wanadhani kurefusha utangulizi kunawasaidia kufikia maneno 400. Maneno yatafika tu ukieleza sifa zako na kazi ulizofanya.

Kuna pia kuchanganya lengo na tokeo. "So that" ya Kiingereza inabeba yote mawili, "ili" inabeba lengo peke yake. "Mto Nzoia ulifurika ili barabara ya Budalang'i ikakatika" inaufanya mto uwe na njama. Mto haukukusudia: "ulifurika hata barabara ikakatika", au "hivi kwamba barabara ilikatika".

Na hapa, Mhariri, nina ombi kwa meza yenu na kwa wanahabari wote wa Kiswahili. Kiingereza kina "only to find", msemo wa mtu aliyefika mahali akakuta mambo siyo aliyotarajia. Unatafsiriwa "ili tu kupata", tunasoma kwamba wakulima walisafiri hadi ghalani "ili tu kupata limefungwa", kana kwamba walitoka nyumbani wakilitafuta kufuli. Waandikieni: walifika ghalani wakakuta limefungwa.

Mfasiri na mhariri wa nyaraka,
Kisumu.